Kaanza mbele, je atafika?

Vuta kiti, weka simu pembeni dakika kumi tu, tuongee.

Kwenye rundo la barua za mwezi huu kuna moja imenikalisha chini. Imetoka kwa dada mmoja wa Kahama, umri miaka 29. Kwa kifupi, amekuwa na mchumba miaka mitano, kijana mpole, anajulikana kwao hadi na majirani, ila posa kila mwaka inaahidiwa mwaka unaofuata. Halafu miezi mitatu iliyopita akajitokeza mwanaume mwingine ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu. Huyo wa pili ameshaleta barua, ameshaleta mshenga, na wazee wanakaa mwezi ujao. Mwisho wa barua kaandika hivi: "Dada mhariri, huyu kaanza mbele ghafla mno. Je, atafika?"

Sikumjibu papo hapo, na nina sababu. Swali kama hilo niliwahi kulijibu kwa kiherehere mwaka 2009, nyumbani Nyarugusu, na jibu langu lilinigharimu karibu mwaka mzima wa kutosemeshana na dada yangu wa tumbo moja. Kwa hiyo leo sitoi ushauri kwanza. Kwanza nasimulia.

Nyarugusu ninayoisema ni ya Geita, usiichanganye na ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi. Enzi hizo Geita ilikuwa bado wilaya ndani ya mkoa wa Mwanza, maana mkoa wa Geita ulizaliwa 2012. Dhahabu ilianza kuchimbwa kwetu tangu zama za mkoloni. Ukishuka kwenye gari unapokelewa na vumbi na mlio wa makarasha yanayosaga mawe. Habari kubwa ya mji ni maduara: duara la nani limetema, la nani limejaa maji, nani jana alikuwa anaomba chumvi na leo kanunua pikipiki mbili.

Mimi nilikuwa na miaka 22, nimemaliza mwaka wa pili chuoni Mwanza, nasomea mawasiliano ya umma. Nilirudi likizo na kichwa kimejaa nadharia. Yaani ukinisalimia tu nilikuwa tayari kukuchambua wewe ni mtuma ujumbe wa aina gani.

Dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu, alikuwa mama lishe jirani na mwalo ambako wachimbaji wanaoshea mawe yao. Ugali, dagaa, maharage, siku nzuri sato. Nusu ya wateja walikula kwa mkopo, na madeni yote yalikuwa kwenye daftari moja lenye jalada la bluu ambalo hakuliacha hata akienda kisimani. Lishike akilini hilo daftari.

Sasa wanaume. Wa kwanza tulikuwa tunamwita Fundi. Alikuwa anatengeneza majenereta, makarasha, pikipiki, chochote chenye mafuta ndani. Mcheshi, mtanashati hata akiwa na grisi mikononi, na mimi nilimpenda kama shemeji kabla hajawa shemeji. Miaka mitatu mji mzima ulijua huyu na dada yangu ni kitu kimoja. Barua ya posa? Inakuja. Mwaka huu mambo hayajakaa sawa, mwakani. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi, maana Fundi ni wetu.

Wa pili hata jina lake nilikuwa silijui vizuri. Kijana wa duara, mkimya, nguo zote rangi ya udongo, kula anakula pembeni peke yake. Katikati ya Agosti 2009 duara alilokuwa anachimba na wenzake likatema. Siku ya Alhamisi, tarehe 27, mshenga wake akabisha hodi kwetu na barua. Baba yetu alikuwa ameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyeipokea. Ng'ombe kumi na tano, wote kwa mpigo, na wazee wakae Jumapili hiyo hiyo. Baba mdogo alisoma barua mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Nyumba ikagawanyika. Mama hakusema kitu. Kaka yetu, ambaye ada yake ya sekondari ilikuwa inadaiwa tangu Januari, alianza kumwita kijana wa duara "shemeji" siku ile ile. Mimi nilichukia. Niliona mtu kaokota pesa jana, leo anakuja kuokota dada yangu.

Jumamosi tarehe 29 nilikwenda kumtafuta Fundi nikamkuta kwenye banda la video. Usiku ule Manchester United walikuwa wanacheza na Arsenal, kwa hiyo banda lilianza kujaa mapema. Ila Fundi alikuwa na dakika zake za pekee. Yeye ndiye aliyekuwa akilifufua jenereta la banda kila lilipozima, na malipo yake yalikuwa kuwekewa mbio za magari za Formula One kabla mpira haujaanza. Saa tisa alasiri watu walikuwa wachache tu, yeye kakaa benchi la mbele, macho kwenye kioo.

Ulikuwa mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia mbio za Ubelgiji, kwenye njia ya Spa. Ngoja nikueleze kama Fundi alivyonieleza, maana nilikuwa sijui lolote. Jumamosi magari hayashindani bega kwa bega. Kila dereva anasaka mzunguko mmoja wa haraka kuliko wote, na mwenye muda mdogo anaanza wa kwanza Jumapili. Spa ni njia ndefu, kilomita 7 na ushee, inapanda na kushuka katikati ya msitu, na Jumapili wanaizunguka mara 44.

Basi matokeo yakatoka na Fundi akasimama. Wa kwanza: Giancarlo Fisichella, Mwitaliano wa miaka 36, kwenye gari la Force India. Kama hufuatilii haya mambo utauliza, kwani kuna nini? Kuna hivi: Force India ilianza 2008, ilikuwa imeshakimbia mbio 29 na haijawahi kupata hata pointi moja. Sifuri. Ni timu ambayo kamera huionyesha pale tu inapopigwa mzunguko na wanaoongoza. Na leo kawashinda wote, kamwacha Jarno Trulli wa Toyota kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lewis Hamilton, bingwa wa dunia wa 2008, wa 12. Jenson Button, aliyekuwa anaongoza msimamo wa mwaka ule, wa 14.

Banda zima, watu kama tisa, tukaanza kuitabiri Jumapili. Na hapa ndipo Fundi alipozungumza maneno ambayo mpaka leo nayatumia kazini.

Jamaa mmoja alisema ni bahati, kesho atamezwa kona ya kwanza. Fundi akamwambia bahati ina namna nyingi. Mwaka mmoja nyuma, Septemba 2008, kule Monza, Sebastian Vettel wa miaka 21 alichukua nafasi ya kwanza kwenye Toro Rosso, timu nayo ya mkiani. Watu wakasema mvua imemsaidia. Sawa, mvua ilinyesha. Ila na Jumapili ilinyesha tena, na Vettel akashinda mbio. Kwa hiyo, akasema Fundi, mtu akianza mbele kwa ghafla usiulize kama anastahili. Uliza kitu gani kimemweka pale, halafu uliza kama kesho hicho kitu kitakuwepo.

Tukamwuliza, haya, Fisichella kimemweka nini? Akahesabu kwa vidole vyenye grisi. Moja, mvua hakuna, kwa hiyo si mvua. Mbili, mwaka ule magari yalikuwa yanaingia dakika za mwisho za mchujo na mafuta ya kuanzia mbio, kwa hiyo mtu angeweza kujifanya mwepesi kwa kuweka kidogo, ila uzito ulikuwa unatangazwa baadaye na ndio ungesema kweli. Tatu, na hili ndilo kubwa, gari lile linapenda njia ndefu zilizonyooka. Lina injini ya Mercedes na halisukumwi sana na upepo. Kwenye kona nyingi linateseka. Spa limekutana na barabara yake. Na barabara, akasema, usiku haihami.

Je, nani wa kumwogopa? Trulli yuko pembeni yake. Rubens Barrichello anaanza wa 4, na wiki iliyopita tu ndiye aliyeshinda kule Valencia. Vettel wa 8, usimsahau. Ila Fundi alimwogopa mmoja, Kimi Räikkönen wa Ferrari, anayeanza wa 6. Kwanza Spa ni kwake, alikuwa ameshashinda pale 2004, 2005 na 2007. Pili, Ferrari ilikuwa na mtambo unaohifadhi nguvu za breki na kumrudishia dereva farasi kama 80 za ziada kwa sekunde zisizofika saba kila mzunguko. Force India haikuwa na mtambo huo. Baada ya kona ya kwanza kuna mteremko, mlima, halafu mnyooko mrefu. "Akifika pale nyuma yake tu," akasema Fundi, "atabonyeza."

Na Button wa 14? Fundi akacheka. Akasema yule ana pointi nyingi, ana gari zuri, ila siku hizi anaendesha kama mtu anayelinda alichonacho. Akianzia katikati ya kundi, kesho anaweza kugongwa na mtu asiyemjua.

Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Na wewe je? Kesho wazee wanakaa." Akanyamaza. Halafu akasema, "Nimesikia." Nikasubiri aseme atakwenda, atatuma mshenga usiku ule, atakopa ng'ombe, kitu chochote. Akainuka kwenda kuangalia mafuta ya jenereta.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira sikuzimwaga kwa Fundi. Dada alikuwa uani, anapepeta mchele kwa ajili ya wageni wa kesho, daftari lake la bluu liko kwenye kigoda. Nikamwambia huyo kijana ni mvua ya siku moja. Pesa ya duara inaingia kwa usiku mmoja na kutoka kwa usiku mmoja, akiishiwa utabaki na nini? Yeye anaendelea kupepeta. Nikaongeza, na hili ndilo nililolijutia, "Fundi kakupenda miaka mitatu bila ng'ombe hata mmoja. Huyu kakununua kwa kiroba cha mawe."

Akaweka ungo chini. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mdogo wangu, wewe unasomea mawasiliano. Tangu Alhamisi umeongea na kila mtu humu ndani na huko nje. Mimi hujaniuliza."

Kisha akaingia ndani. Nilipaswa kumfuata. Sikumfuata.

Jumapili baada ya kanisa wazee wakakaa. Nilikuwa mpeleka maji na michembe ya karanga, kwa hiyo nilisikia yote. Baba mdogo alimwita dada katikati, akamwuliza kama ilivyo desturi, hivi vitu vya watu tule au tusile? Chumba kikawa kimya. Dada akasema, "Kuleni." Neno moja. Nikatoka nje na sinia nikijua kabisa kuwa nimeangalia ajali ikitokea mbele ya macho yangu.

Niliposikia vigelegele nilikuwa nimeshafika banda la video. Mbio zilikuwa zinaelekea mwisho na Fundi hakuondoa macho kwenye kioo. Akanisimulia bila kunitazama. Button aligongwa mzunguko wa kwanza, yeye na Hamilton na wengine wawili wakaishia hapo hapo, gari la usalama likaingia. Barrichello gari lilimgomea wakati wa kuondoka, wakampita karibu wote. Trulli naye aligongana na mwenzake mapema, mbio zake zikaharibika. Räikkönen akapita kwa nje kona ya kwanza, na mbio zilipofunguliwa tena akamfikia Fisichella kwenye ule mnyooko na akabonyeza, kama ilivyotabiriwa.

"Si nilikwambia," nikasema. "Kaanza mbele, kamezwa."

"Tazama," akasema Fundi.

Nikatazama. Mzunguko baada ya mzunguko lile gari la timu isiyo na pointi lilikuwa limegandana na mkia wa Ferrari. Akiingia kujaza mafuta, na mwenzake anaingia. Akitoka, yuko pale pale. Mwisho Räikkönen alishinda, ukawa ushindi pekee wa Ferrari mwaka ule. Fisichella akawa wa 2, nyuma yake kwa chini ya sekunde moja baada ya mizunguko 44. Pointi 8, za kwanza katika historia ya Force India. Vettel wa 3.

Fundi akazima sigara, akaniambia, "Gari lile lilikuwa zuri kweli. Sisi ndio tulikuwa hatulitazami." Halafu akaniuliza, kama mtu anayeulizia bei ya sukari, "Amesema kuleni?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akatoka.

Harusi ilifungwa Januari 2010. Nilihudhuria, nikavaa sare, nikacheza, ila mimi na dada tulikuwa tunapeana salamu za kanisani tu. Mpaka likizo ya mwaka ule nilipomkuta mgonjwa kidogo, mjamzito, akaniomba nikamkalie mgahawa siku mbili. Na mgahawa ulikuja na lile daftari.

Msomaji wangu, nililisoma lote. Si unajua mtu ukiwa huna wateja. Kila mwanaume wa mwalo alikuwa humo. Fundi alikuwa humo, ukurasa mzima, deni la miezi saba ya mwaka 2008, pembeni dada kaandika "kasema mwisho wa mwezi", kakata, kaandika tena "mwisho wa mwezi", kakata. Halafu nikafika ukurasa wa shemeji yangu. Tangu 2007. Kila wiki ana deni, na kila Jumamosi limekatwa. Kila Jumamosi. Kuna wiki ambazo duara halikutoa hata punje, na pembeni dada kaandika alicholipia: "maji ndoo kumi", "kuni mizigo miwili", "kaezeka banda". Miaka miwili na nusu ya Jumamosi, kabla ya dhahabu yoyote.

Kumbe mchujo ulikuwa umefanyika zamani, mimi nilikuja kuona matokeo tu. Nilifunga daftari nikaenda chumbani kwake nikapiga magoti. Akacheka, akaniambia ninyanyuke nisije nikaunguza maharage.

Sitaki ufikiri nakuletea hadithi ya raha mustarehe. Dhahabu ile iliisha, kama nilivyosema itaisha. Shemeji alizika pesa nyingi kwenye duara la pili, likajaa maji, na mwaka 2011 dada alirudi kupika kwa mkopo wa unga. Wamegombana, wamewahi kunipigia simu usiku wa manane kila mmoja akimshitaki mwenzake. Leo wana karasha lao na watoto watatu, na shemeji akipata mzigo anaupeleka soko la madini Geita lililofunguliwa 2019. Nafasi ya kwanza, sijui. Ila bado wako barabarani na hawajaachana sekunde nyingi.

Na Fundi? Usimlilie. Kumbuka Button, yule wa 14 aliyegongwa Spa. Oktoba 2009 kule Brazil alianza tena wa 14, safari hii akaacha kulinda, akapita gari moja moja, akamaliza wa 5 na kutwaa ubingwa wa dunia siku ile ile. Aliyeanza mbele siku hiyo, Barrichello, alimaliza wa 8. Fundi naye alihamia Katoro, akafungua gereji, akaoa ndani ya miezi sita tangu amjue binti. Nilipomtania akasema alijifunza kwamba barua haijiandiki.

Hata Fisichella ana mkia wa hadithi. Wiki ile haikuisha, Ferrari wakamchukua, ndoto ya kila Mwitaliano. Alikimbia nao mbio tano zilizobaki na hakupata pointi hata moja. Gari lilikuwa la jina kubwa, ila halikuwa lile alilokuwa analijua mikononi.

Haya, dada wa Kahama, sasa nakujibu.

Sijui kama atafika, na anayekwambia anajua anakudanganya kama mimi nilivyomdanganya dada yangu. Wako wanaoanza mbele na kupotea. Mwaka 2010 Nico Hülkenberg alichukua nafasi ya kwanza Brazil kwa zaidi ya sekunde nzima, njia ikiwa inakauka baada ya mvua. Kesho yake kulikuwa kukavu, akamaliza wa 8. Mwaka 2020 Lance Stroll naye, Uturuki, kwenye njia iliyolowa, wa kwanza kwenye mchujo, wa 9 kwenye mbio. Na wako wanaoongoza kihalali kabisa na bado chombo kikavunjika. Hapa kwa jirani zetu, Safari Rally ya 2021 kule Naivasha, Thierry Neuville aliamka Jumapili anaongoza kwa karibu dakika nzima, na kwenye hatua ya kwanza ya asubuhi gari likavunjika. Aliyeshinda, Sébastien Ogier, Ijumaa alikuwa amepoteza zaidi ya dakika mbili. Ndoa nayo haina bima ya namna hiyo.

Ila unayo wiki kadhaa kabla wazee hawajakaa, na wiki hizo zitumie kuuliza swali la Fundi. Huyu bwana kimemweka nini mbele? Kama ni pesa iliyoingia juzi, cheo kipya, gari jipya, au hasira zako wewe kwa yule wa miaka mitano, hiyo ni mvua, na lazima uwaze itakuwaje kukikauka. Kama ni tabia ambayo ilikuwepo kabla hujaitazama, hiyo ni gari. Waulize waliomjua kabla ya miezi mitatu. Muulize anayemwuzia chakula, anayempangisha chumba, aliyewahi kumkopesha. Kila mtu ana daftari lake mahali fulani, na halitunzwi na yeye.

Na yule wa miaka mitano mwambie ukweli, tena mapema, usimwache asikie kwenye banda la video. Pengine anaendesha kama mtu anayelinda, na anahitaji kujua kwamba hana cha kulinda. Akiamka, utakuwa na cha kulinganisha. Akikwambia "nimesikia" kisha akaenda kuangalia jenereta, nalo ni jibu.

Na ninyi wadogo zake, shangazi zake, marafiki zake mnaosoma hapa, ambao tayari mmeshatabiri nani atashinda. Nawaomba kitu kimoja tu. Kabla hamjatabiri, muulizeni yeye. Mwulizeni halafu mnyamaze, mumsikilize hadi amalize. Mimi nina shahada ya kazi hiyo na ilinichukua daftari la mama lishe kuijifunza.

Juzi nilimpigia dada nimsomee makala hii kabla haijaenda kiwandani, maana siku hizi nauliza. Alisikiliza yote. Akasema niondoe ile sehemu ya magoti. Nikamwambia haitoki. Basi, akasema, andika na kwamba maharage yaliungua.

Yaliungua kweli. Tukutane mwezi ujao.